Kuitafuta Nyumba ya Futuhi, Cape Town

Wengi wa kwetu wanaokwenda Cape Town kwa mara ya kwanza huwa na orodha zinazofanana: Mlima Meza, gereza la Robben Island, picha za machweo kule Waterfront. Mimi niliondoka Dar es Salaam nikiwa na jengo moja tu kichwani, na jengo lenyewe liko kando ya maegesho ya magari. Afisa wa uhamiaji pale Johannesburg aliponiuliza nimekuja kufanya nini nikamjibu, "Kutazama kanisa," alinikodolea macho, akairudia pasipoti ukurasa kwa ukurasa, kisha akagonga muhuri kwa mkono wa mtu aliyekwisha kukata tamaa na wasafiri. Kumweleza kwamba kanisa hilo zamani lilikuwa ukumbi wa komedi kungechelewesha foleni nzima.

Safari hii ilizaliwa na swali. Kati ya 1776 na 1778 merikebu za Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki zilikuja pwani ya Waswahili, hadi Zanzibar, kununua watu wa kupeleka Rasi ya Tumaini Jema. Madaftari mawili ya safari hizo yamesalia, na wanahistoria wameyachambua: bei, maradhi, mazungumzo na wakubwa wa Unguja. Nilipoyasoma maelezo yake nilibaki na jambo ambalo huenda likaonekana la kipuuzi. Mji waliopelekwa wale watu ulikuwa unacheka nini? Msiba kila bwana huulia kwa namna moja. Anapocheka ndipo anapojionyesha, hasa ukitazama anamcheka nani.

Bagamoyo nilikosomea maigizo tulipitishwa kwa Wagiriki, kwa Shakespeare ambaye Mwalimu Nyerere alitutafsiria Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, na kwa Molière, ambaye Mchuuzi Mwungwana wake anasomeka kwa Kiswahili tangu 1961. Waholanzi hawakutajwa hata siku moja. Niliwatafuta mwenyewe baadaye, kwa Kiholanzi cha kusomea na kamusi pembeni, nikakuta watu waliokuwa na jumba lao la maigizo mjini Amsterdam tangu Januari 1638, na waliokuwa na desturi moja ninayoipenda: tanzia ikiisha, wafalme wakiwa wamelala chini maiti, pazia lilifunguliwa tena kwa futuhi fupi ya wauza samaki, wake wakali na watumishi waongo. Hadhira haikuruhusiwa kwenda nyumbani na majonzi. Desturi hiyo ilivuka bahari pamoja na lugha, ndiyo maana ukisoma habari za maonyesho ya Cape Town ya miaka ya 1800 utaona usiku mmoja una michezo miwili, mzito kwanza, mwepesi baadaye.

Ndani ya ndege nilikuwa na nakala ya komedi ya Pieter Langendijk, mtu wa Haarlem aliyezaliwa 1683. Inaitwa Het wederzyds huwelyksbedrog, ilitoka 1714, na ni kisa cha ndoa ambayo kila upande unamdanganya mwenzake. Lodewyk ni mwana wa ukoo asiye na senti. Anajifanya bwana mkubwa kutoka Poland ili amwoe Charlotte, binti tajiri. Charlotte naye ni fukara wa ukoo mzuri. Yeye na mama yake wanaigiza utajiri ili wampate bwana mkubwa wa Poland. Jan, mtumishi wa Lodewyk, anavishwa ubaroni, na ubaroni unampwaya kila anapofungua mdomo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wazee wetu, na Langendijk ametumia vitendo vizima kulithibitisha hilo. Nilicheka peke yangu mpaka jirani yangu akaondoa vipokea sauti masikioni kuangalia kuna nini.

Niliisoma si kwa burudani tu. Nilitaka kufika nikiwa na sauti ya komedi yao masikioni: bwana asiye na kitu, mtumishi mwenye akili kuliko bwana, na hofu kubwa ya kugundulika. Mji wa bandari uliojaa askari, makarani na wafanyabiashara waliokuja kujipatia jina jipya ng'ambo, bila shaka ulikuwa na akina Lodewyk wengi viambazani.

Dereva wa teksi aliyenichukua uwanja wa ndege aligundua mimi ni Mswahili kabla sijamaliza kutaja hoteli. Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, na alikuwa ameishi Cape Town muda mrefu. Nilipomwambia natafuta ukumbi wa zamani wa maigizo, Riebeeck Square, alitikisa kichwa. "Teyatri hapana, papa. Pale iko kanisa." Nikamwambia ndiyo hilohilo. Akanitazama kwenye kioo kwa muda, kisha akaanza kunieleza habari za kodi ya nyumba, jambo ambalo bila shaka lilikuwa na maana zaidi kwa wote wawili. Barabara ya N2 ilituingiza mjini huku mlima ukiwa umefunikwa na wingu jeupe juu, na upepo wa kusi ukisukuma gari kutoka ubavuni. Wenyeji wanauita upepo huo daktari, kwa sababu wanaamini unafagia maradhi ya mji. Mimi nilihisi unafagia na kofia za wageni.

Riebeeck Square iko kati ya mitaa ya Bree na Buitengracht, hatua chache chini ya nyumba za rangirangi za Bo-Kaap. Ni uwanja wa mstatili uliojaa magari yaliyoegeshwa. Zamani wakulima kutoka bara walifungulia hapo mikokoteni yao ya ng'ombe, ukaitwa Boereplein, uwanja wa wakulima. Na kabla ya hapo uliitwa kwa jina ambalo wazungu waliwapachika Wakhoikhoi, na ambalo leo ni tusi. Uwanjani hapo ndipo lilipo jengo lenyewe, kuta nyeupe, madirisha marefu, ngazi za nje zinazopanda hadi mlango wa juu. Kibao kinasema ni kanisa la Mtakatifu Stefano. Nilikuwa bado nalizunguka nikitafuta alama yoyote ya jukwaa pale mzinga ulipolipuka juu ya kilima. Niliinama kwa woga. Mvulana aliyekuwa akiosha magari alicheka mpaka akakaa chini. Kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu, saa sita mchana, mzinga wa Signal Hill hupigwa, na kila siku anapata mgeni wa kumcheka. Basi nikawa nimepata jibu la kwanza la swali langu, ingawa si kwa karne niliyoiulizia.

Jengo lilifunguliwa 1801 kwa jina la African Theatre. Waingereza walikuwa wameinyang'anya Rasi kutoka kwa Waholanzi 1795, na gavana wao, Sir George Yonge, alikuwa mpenda anasa. Yeye ndiye aliyelisukuma wazo la kujenga ukumbi, na mwaka uleule ulipofunguliwa akaondolewa madarakani akiandamwa na tuhuma za ufisadi. Onyesho la kwanza lilikuwa la Shakespeare, sehemu ya kwanza ya Henry IV, ambayo mhusika wake anayependwa kuliko mfalme ni mlevi mnene muongo aitwaye Falstaff. Gavana aliyefungishwa virago angepata mengi ya kujifunza pale.

Ndani ya ukumbi huo mmoja zilichezwa tamthilia za Kiingereza, Kiholanzi, Kifaransa na hata Kijerumani. Maafisa wa jeshi walicheza zao, raia wakacheza zao. Waholanzi walirudishiwa Rasi 1803, wakaipoteza tena Januari 1806 baada ya vita vya Blaauwberg, na kuanzia hapo mambo yalibadilika maana. Raia wa asili ya Kiholanzi walijikuta wenyeji wenye mali lakini chini ya bendera ya watu wengine. Mwaka 1822 gavana Somerset alitangaza kwamba Kiingereza kitakuwa lugha ya serikali na mahakama, kwa awamu, katika miaka michache. Sasa angalia tarehe za vikundi vya maigizo vya Kiholanzi vya Cape Town, kama kile kilichoitwa Tot Nut en Vermaak, yaani kwa faida na burudani: ni miaka hiyohiyo vilipochangamka. Lugha ilipofukuzwa mahakamani, ilihamia jukwaani. Mtu ambaye kesho yake angeshtakiwa kwa Kiingereza asichokielewa, jioni hii alikaa kwenye mwanga wa mishumaa akamsikia bwana harusi muongo akiumbuliwa kwa Kiholanzi safi, akacheka kwa lugha yake.

Kwa sehemu kubwa walichocheza hakikuwa Kiholanzi cha asili. Mwandishi aliyetawala jukwaa lile alikuwa Mjerumani, August von Kotzebue, kwa tafsiri za Kiholanzi. Molière naye alikuja kwa mlango huohuo. Hili lisimshangaze mtu. Sisi wenyewe miaka ya sitini tulikuwa tukicheza Wafaransa na Waingereza kwa Kiswahili tukijihesabu tunajenga utamaduni wa taifa, na tulikuwa tunajenga kweli.

Habari hizi nyingi nilizipata katika Maktaba ya Taifa, iliyo pembeni ya bustani ya Kampuni, katika kitabu kinene cha F.C.L. Bosman kuhusu historia ya maigizo ya Afrika Kusini, kilichotoka 1928. Bosman alikusanya matangazo ya magazeti, orodha za waigizaji, ugomvi, bei za viti. Ni kazi ya ajabu, na ina upofu wa wakati wake: watumwa hupita ndani yake kama samani. Mkutubi aliyeniletea, mama mtu mzima, aliweka kitabu mezani akasema kwa upole, "Hiki hakijaombwa siku nyingi." Nikakaa nacho mpaka taa zikaanza kuzimwa.

Na ndani ya Bosman ndipo nilipokutana na watu wawili ambao wangetosha kuwa komedi wenyewe. Wa kwanza ni Joseph Suasso de Lima, aliyezaliwa Amsterdam 1791 katika ukoo wa Wayahudi wa Kireno, akafika Cape Town 1818. Alikuwa mwalimu, muuza vitabu, mshairi wa kila arusi na kila mazishi, mwanzilishi wa gazeti, mwandishi wa historia ya Rasi kwa ajili ya watoto, na mtu wa maigizo mpaka mifupani. Wa pili ni Charles Etienne Boniface, mzaliwa wa Paris, 1787, aliyefika Rasi 1807 baada ya kupitia Shelisheli na Msumbiji. Boniface alifundisha muziki na lugha, aliandika kwa Kifaransa, Kiholanzi na Kiingereza, akawa mhariri wa kwanza wa gazeti la De Zuid-Afrikaan lilipoanzishwa 1830, na alikuwa na ulimi ambao hakuna aliyeuponea.

Wawili hawa walichukiana kwa bidii. Mji ulikuwa mdogo, jukwaa lilikuwa moja, na kila mmoja alijiona ndiye baba wa maigizo ya Kiholanzi. Boniface alimchora mwenzake jukwaani kwa jina la Limaçon, yaani konokono kwa Kifaransa, na kwa kuwa jina la de Lima limo ndani yake, hapakuwa na mtu mjini aliyehitaji kuelezwa. De Lima naye alikuwa na kalamu na gazeti, akajibu. Walitupiana vijembe miaka na miaka, na nakiri nilivyosoma nilijikuta nakumbuka malumbano ya washairi wa mwambao, Lamu na Mombasa, ambako mtu anakutukana kwa vina na mizani na wewe huna budi kumjibu kwa bahari ileile. Tofauti ni kwamba kwetu kijembe kizuri hubaki kikikaririwa vizazi na vizazi. Vya de Lima na Boniface vimebaki kwa Bosman tu.

Kimoja, hata hivyo, kimewashinda wote kwa umri. Mwaka 1832 Boniface alichapa komedi ya vitendo vinne, De Nieuwe Ridderorde, of De Temperantisten, kuhusu wapiga vita pombe. Ili uielewe lazima ujue kilichokuwa kinawakera walowezi. Mwaka 1828 amri iitwayo Ordinance 50 iliwapa Wakhoikhoi na watu weusi huru haki sawa mbele ya sheria. Hawakutakiwa tena kubeba vibali vya kutembea wala kulazimishwa kumtumikia mtu. Aliyelaumiwa kuliko wote kwa hilo alikuwa Dk. John Philip, msimamizi wa misheni ya London, ambaye mwaka huohuo alichapa kitabu kilichoanika ukatili wa walowezi. Kisha ikazuka jumuiya ya kuhubiri watu waache pombe. Boniface alivikusanya vyote kikapu kimoja. Philip akaingizwa humo kama mchungaji Humbug Philipumpkin, na Wakhoikhoi wakaingia kama walevi wanaosajiliwa katika chama cha wasiokunywa, wenye majina ya kubuni ya dhihaka kama Klaas Galgevogel na Grietje Drilbouten.

Nimeisoma, polepole, kwa kamusi. Kama komedi ni ndefu mno na ina chuki nyingi mno. Mwandishi anayemchukia mhusika wake hawezi kumpa nafasi ya kuchekesha, humfanya tu wa kuchekwa. Lakini kila wanapoingia Klaas na wenzake, kitu kinatokea ambacho Boniface pengine hakukikusudia. Wamishonari na wakubwa wanazungumza lugha ya vitabu. Wakhoikhoi wanazungumza lugha ya Cape Town. Ni Kiholanzi kilichovuliwa viatu: vitenzi vimepoteza mikia, maneno yamekatwa, na sentensi zinakwenda mbio. Boniface aliiandika ili watu waicheke. Leo wataalamu wa lugha wanaisoma kama moja ya kumbukumbu za mapema za Kiafrikaans, na kusema kweli ndiyo sehemu pekee ya tamthilia ile inayosomeka bila kupiga miayo. Wakhoikhoi wake wanaongea kama watu wanaoishi. Mabwana wake wanaongea kama barua.

Hapo ndipo nilipoona swali langu lilikuwa limepata jibu, na jibu lilikuwa chungu. Mji ulikuwa unacheka namna watu wa kwetu, na wa Bukini, na wa visiwa vya mashariki, na Wakhoikhoi wenyewe, walivyokuwa wakikivunja Kiholanzi midomoni mwao.

Nilitoka maktaba nikatembea hadi mtaa wa Buitengracht, kwenye jengo dogo la kumbukumbu la Prestwich. Mwaka 2003 wajenzi waliokuwa wakichimba msingi Green Point walikuta mifupa, na walipoendelea walikuta makaburi yasiyo na alama ya watu zaidi ya 2,000. Walikuwa maskini, mabaharia, watumwa. Baadhi ya mafuvu yalikuwa na meno yaliyochongwa, desturi iliyojulikana upande wa Msumbiji na kwetu kusini. Watu wa namna hiyo Cape Town waliwaita Masbiekers, hata kama mtu hakuwahi kuiona Msumbiji kabla ya kupakiwa melini. Masanduku ya mifupa yamepangwa nyuma ya ukuta. Mbele yake palikuwa na mkahawa, na watu walikuwa wakinywa kahawa na kompyuta zao wazi. Sikukaa.

Turudi kwenye jengo. Miaka ya 1830 African Theatre ilikuwa inakufa. Wachungaji walihubiri dhidi yake, wachamungu waliona ni nyumba ya shetani, wapenzi wa maigizo walikuwa wagomvi, kama tulivyoona, na fedha hazikutosha. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria 1834, lakini watu zaidi ya 35,000 wa Koloni walifungwa miaka minne zaidi katika kile kilichoitwa uanagenzi. Wakaachiwa tarehe 1 Desemba 1838. Mwaka uliofuata ukumbi wa komedi uliingia mikononi mwa mchungaji Mlutheri, G.W. Stegmann, ukawa shule na mahali pa ibada pa hao walioachiwa huru. Jioni moja waumini wakiwa ndani, watu waliochukizwa na jambo hilo walilirushia jengo mawe. Stefano katika Biblia aliuawa kwa mawe, na ndipo jina lilipotoka. Kanisa lilikuja kujiunga na Kanisa la Kiholanzi la Marekebisho, na husemwa ndilo pekee miongoni mwa makanisa hayo lililopewa jina la mtakatifu.

Mzee anayetunza jengo alinisimulia habari ya mawe huku ameshika funguo. Alikuwa mtu wa Bo-Kaap ya zamani, Mkristo katika mtaa wa Waislamu, na alinizungumzia Kiingereza akichanganya na Kiafrikaans kila alipotaka kusema jambo zuri. Nilimwita Uncle, kama kila mtu pale anavyomwita mtu wa umri wake. Nikamuuliza kama watu wa kanisa wanajua zamani palichezwa nini. "Wanajua palikuwa na theatre," alisema. "Wanajua babu zetu walisimama nje na farasi. Sasa sisi tuko ndani na magari yao yako nje." Akacheka mwenyewe. Ndani nilioneshwa viti vya ibada, mimbari, mwanga wa madirisha marefu. Nilisimama nikijaribu kukisia jukwaa lilikuwa upande gani. Uncle alinionesha kwa kidole, lakini kwa namna ya mtu anayemridhisha mgeni, kwa hiyo siwezi kuwapeni upande huo kama ushahidi.

Lugha ile ya akina Klaas nayo ilipita safari yake. Katikati ya karne ya 19 Waislamu wa Bo-Kaap walikuwa wakiiandika kwa herufi za Kiarabu, kama sisi tulivyoandika Kiswahili. Kitabu cha dini cha Abu Bakr Effendi kwa lugha hiyo kilichapwa Istanbul 1877. Miaka miwili kabla yake wazungu wa Paarl waliunda chama cha kuitetea lugha hiyo, wakaifanya yao, na 1925 ikawa lugha rasmi ya nchi. Melt Brink, aliyefariki mwaka huo, ndiye aliyeujaza ukumbi wa kijiji na futuhi fupi za Kiafrikaans, nyingi zikifuata mtindo wa zile za Kiholanzi zilizochezwa Riebeeck Square. Baadaye lugha hiyohiyo ililazimishwa mashuleni, na watoto wa Soweto wakaandamana dhidi yake tarehe 16 Juni 1976. Hakuna mtunzi wa tamthilia ambaye angethubutu kupanga mageuzi hayo, hadhira isingemwamini.

Jioni moja nilikwenda Baxter, ukumbi wa Rondebosch uliofunguliwa 1977 na ambao, kwa kuwa ulikuwa kwenye ardhi ya chuo kikuu, uliruhusu watazamaji wa rangi zote wakati kumbi za serikali zilikuwa na historia nyingine. Palikuwa na komedi kwa Kiafrikaans cha mitaani wanachokiita Kaaps, lugha ya watu wa Cape Flats, wajukuu wa wale Klaas na Grietje. Sikuelewa nusu. Auntie aliyekaa karibu nami alinitafsiria vipande vipande, kisha akachoka kwa kucheka akaniacha. Kisa kilikuwa cha ndoa, cha mkwe anayejifanya ana kazi nzuri, cha shangazi anayejua kila kitu. Langendijk angekitambua mara moja. Sikutaka kutafsiriwa zaidi. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka kwa lugha iliyoandikwa 1832 ili wenyewe waonekane wajinga, na aliyekuwa na kipaza sauti safari hii alikuwa mwenye lugha.

Hukumu yangu ni kwamba futuhi za Kiholanzi hazikufa Cape Town, bali zilibadili wenyewe. Kilichokufa ni Kiholanzi cha mabwana, pamoja na konokono wa de Lima na vicheko vya gavana.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenzangu wa Bagamoyo, wa Mlimani na wa Nairobi. Komedi ya Boniface haina tena mwenye haki ya kuidai, na maandishi yake yapo maktabani. Mwenye Kiholanzi na atufasirie sehemu za Klaas Galgevogel na wenzake, kwa Kiswahili cha vijiweni na si cha kamusi. Na mwenye kikundi na azipandishe jukwaani, Wakhoikhoi wakiwa mbele na Philipumpkin nyuma. Muigizaji mzuri wa kwetu atajua cha kufanya na mlevi anayeapa mbele ya mchungaji. Riebeeck Square hatuwezi kucheza, kwa sababu Jumapili jengo lina waumini wake. Bagamoyo jukwaa lipo.